Fahirisi: Namna ya Kujumlisha Vitu Visivyofanana

Ng'ombe hawajumlishwi na mabati, wala mabati na miaka ya shule. Hata hivyo, anayetaka kujua ni kaya ipi iliyo maskini zaidi kijijini hana budi kuvipima vyote pamoja. Kipimo hicho cha jumla huitwa fahirisi.

Na zichukuliwe kaya mbili za kubuniwa huko Kileo, chini ya Milima ya Upare. Ya kwanza ina paa la bati na ng'ombe 2. Ya pili ina paa la nyasi na ng'ombe 9. Wakuu wa kaya zote mbili wamesoma miaka 7. Bati likihesabiwa 1 na nyasi 0, kisha namba zikajumlishwa hivi hivi, ya kwanza hupata 10 na ya pili 16. Jumla hiyo haina maana: paa, lisiloweza kupita 1, limemezwa na ng'ombe.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuvileta vigezo vyote kwenye kipimo cha 0 hadi 1. Kiwango cha chini kabisa hutolewa, na tofauti hugawanywa kwa upana uliopo kati ya kiwango cha chini na cha juu. Ikiwa ng'ombe ni 0 hadi 10, na masomo miaka 0 hadi 14, kaya ya kwanza huwa na 1, 0.2 na 0.5, ya pili 0, 0.9 na 0.5.

Hatua ya pili ni kutoa uzito. Kila kigezo kikipewa theluthi, ya kwanza hupata 0.567 na ya pili 0.467. Ng'ombe wakipewa nusu, na vigezo vingine robo robo, ya kwanza hupata 0.475 na ya pili 0.575. Hakuna aliyenunua ng'ombe wala kuezeka upya. Lakini kaya iliyostahili msaada imebadilika.

Katika tafiti za taifa za demografia na afya nchini Tanzania, uzito hupatikana kwa hesabu, kwa kuangalia jinsi mali zinavyoambatana katika kaya. Hata njia hiyo ina hatari: umeme, ulio mwingi mijini, waweza kuwafunika ng'ombe wa mfugaji. Umoja wa Mataifa nao, katika Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu iliyoanza mwaka 1990, huyapa uzito sawa maisha marefu, elimu na pato. Tangu mwaka 2010 sehemu hizo tatu huzidishwa, kisha hutafutwa mzizi wa tatu, ili upungufu wa moja usifichwe na wingi wa nyingine.

Kwa hiyo, mwanafunzi aonyeshwapo fahirisi yoyote, kwanza aulize: uzito umetoka wapi?