Fahamu: Ini la mjamzito linapojaa mafuta ghafla
Ni ugonjwa nadra lakini hatari. Humpata takriban mjamzito mmoja kati ya 7,000 hadi 20,000, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Mafuta hujaa ndani ya seli za ini, nalo hushindwa kufanya kazi.

Dalili ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo upande wa juu kulia, uchovu mkali na macho kuwa ya manjano. Sukari mwilini hushuka na damu hukawia kuganda.

Tiba ni kumzalisha mama haraka, hata kabla ya siku zake, kisha kumweka chini ya uangalizi maalumu. Mtoto naye apimwe, kwani wakati mwingine chanzo ni hitilafu ya kurithi.

Ukianza kutapika upya mimba ikiwa kubwa, usingoje kliniki ijayo. Nenda hospitali leo.