Betri ya Gari la Umeme: Itatufaa Miaka Mingapi?

Tangu tarehe 14 Juni 2024 wakazi wa Kihonda na Morogoro yote wamezoea treni ya umeme itokayo Dar es Salaam. Treni hiyo hupokea umeme wake kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya reli. Gari la umeme na bajaji ya umeme havina nyaya za kushikilia. Vyenyewe hubeba umeme wake, kama msafiri abebavyo masurufu yake. Chombo cha kubebea ni betri, na kwa kawaida hicho ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari hilo.

Bei ya petroli inapopanda, akina mama huanza kuulizana kwenye vikundi vya kuweka na kukopa: Je, tukichanga tununue gari la umeme lililotumika huko Japani, au bajaji ya umeme, betri yake itakufa lini? Ni swali la busara. Fedha za kikundi ni ada za watoto, ni matibabu, ni mtaji wa genge. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu. Nasi tuketi.

Betri haifi kwa siku moja

Wengi wetu twaijua betri ya risasi yenye maji ya asidi, ile ya gari la kawaida au ya sola. Mara nyingi hudumu miaka 3 hadi 5, na huweza kukuacha njiani bila taarifa. Magari ya umeme ya siku hizi hutumia betri kubwa ya lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991.

Betri ya lithiamu huchoka polepole. Ifikirie kama mtungi unaopungua ukubwa kidogo kila mwaka: bado wateka maji, lakini si mengi kama zamani. Katika magari mengi upungufu huo ni karibu asilimia 2 kwa mwaka, ingawa yapo yanayochoka upesi zaidi. Watengenezaji wengi huweka dhamana ya miaka 8 au kilometa 160,000, wakiahidi kwamba katika muda huo betri haitashuka chini ya asilimia 70 hivi ya nguvu zake za awali.

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Magari ya kwanza ya aina hiyo, yakiwa mapya, yaliweza kwenda kilometa 115 hivi kwa chaji moja. Betri ikishuka hadi asilimia 70, zinabaki kilometa 80. Kwenda Dar es Salaam, umbali wa kilometa 190 na zaidi, hutafika bila kuchaji njiani. Lakini mama anayepeleka watoto shule, akapitia sokoni, kisha jioni akaenda kwaya na kurudi Kihonda, huenda hazidi kilometa 20 au 30 kwa siku. Betri ile ile iliyomshinda msafiri wa Dar inamtosha yeye, na chaji inabaki. Basi kabla ya kuuliza umri wa betri, andika kwanza urefu wa safari zako.

Maadui watatu wa betri

Adui wa kwanza ni joto. Mwaka 2012 wenye magari ya Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye joto kali, walilalamika kwamba betri zao zilipungua haraka. Betri za magari hayo hazikuwa na mfumo wa maji wa kuzipoza, kama ulivyo katika magari mengine mengi ya umeme. Jua la Kihonda la Januari na Februari si la mchezo. Egesha kivulini, chini ya mwembe au kibanda cha makuti.

Adui wa pili ni kuiacha betri siku nyingi ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Kwa betri nyingi, kukaa kati ya asilimia 20 na 80 ni salama zaidi. Ziko aina za lithiamu ambazo hazidhuriki sana kwa kujazwa, hivyo fuata kitabu cha gari lako.

Adui wa tatu ni kuchaji kwa kasi mara kwa mara. Umeme wa nyumbani, unaojaza taratibu usiku kucha, huipa betri nafuu.

Kabla ya kutoa fedha

Usitazame rangi na viti tu. Leaf huonyesha vipande 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, na vikikosekana vinne, betri imechoka sana. Hata hivyo wapo wauzaji wanaochezea kipimo hicho. Lijaze chaji, uliendeshe safari unayoijua urefu wake, uone chaji iliyobaki.

Jua pia kwamba gari la umeme lina betri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya gari la kawaida. Hiyo ikifa gari haliwaki, na mwenye gari hudhani betri kubwa imekwisha. Anza kuipima hiyo ndogo.

Betri kubwa ina volti zaidi ya 300, na zinaua. Asiifungue fundi yeyote asiyefundishwa kazi hiyo, hata akiwa ndugu yako. Kwa bajaji, uliza waziwazi: betri ni ya lithiamu au ya risasi? Ikiwa ni ya risasi, weka akiba ya kununua nyingine mapema. Tena usidhani dhamana ya kiwandani itakufuata hadi Morogoro. Omba ahadi ya muuzaji kwa maandishi.

Betri kuukuu na watoto wetu

Betri ya lithiamu iliyochoka kwa gari bado yaweza kuhifadhi umeme wa sola, ikitengenezwa na mtaalamu. Lakini betri ya risasi isivunjwe uani wala kuyeyushwa jikoni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Iuze nzima kwa wanunuzi halali wa betri kuukuu, na watoto wasiichezee.

Akina mama, katika mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aje na safari zake za wiki moja zimeandikwa kwenye daftari. Mkishajua kilometa mnazozihitaji, mtaweza kumwuliza muuzaji maswali yaliyo sahihi. Mungu awape hekima katika kuzitunza mali alizowakabidhi.