Dari Ikifanya Tumbo, Tuanze na Bati

Msimu wa mvua uliopita tulikwenda kumjulia hali mzee wetu mmoja hapa Chiwanda, aliyekuwa akiugua homa. Tulikaribishwa sebuleni. Juu ya vichwa vyetu dari ya jipsamu ilikuwa imefanya tumbo, na katikati ya tumbo hilo palikuwa na doa la rangi ya chai. Chini yake ulitandikwa mkeka ambao wajukuu watatu huulalia usiku. Mwenyeji wetu alipotuona tukitazama juu, aliinamisha uso, akasema, "Tutaipaka rangi kabla ya Idi, inshaAllah."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wengi wetu huiona dari iliyolegea kuwa ni aibu mbele ya wageni, ilhali kwanza ni hatari kwa wenye nyumba.

Kuvujiwa si aibu. Imam Bukhari amepokea simulizi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, na Msikiti wa Mtume (s.a.w.), ulioezekwa kwa makuti ya mtende, ukavuja. Asubuhi athari ya maji na tope ikaonekana usoni mwa Mtume, kwa sababu ya kusujudu. Ikiwa paa lile lilivuja, sisi ni nani hata tuone haya? Lawama ipo katika kuyajua madhara kisha kuyafunika kwa rangi, maana mafakihi wametufundisha kuwa madhara huondolewa.

Joto la mwambao huu wa Ziwa Nyasa, chini ya bati, limeifanya dari kuwa haja ya kila nyumba. Lakini ni vyema tuijue tabia yake. Jipsamu ni unga wa madini uliokandwa kwa maji na kushikwa baina ya karatasi mbili. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8, wenye unene wa milimita 9, hukaribia kilo 20 ukiwa mkavu. Ukinywa maji uzito huongezeka, na nguvu ya kuubeba uzito huo hupungua. Basi huanza kushuka kidogo kidogo, na siku moja huanguka kwa ghafla.

Hatua ya kwanza ni kuwahamisha watu na vyombo vilivyo chini yake. Ikiwa pana taa ya umeme karibu na doa, tuzime umeme kwenye swichi kuu. Tumbo likiwa limejaa maji, tuweke ndoo chini, tusimame pembeni, kisha tutoboe tundu dogo ili maji yatoke taratibu.

Hatua ya pili ni kutafuta sababu. Doa la kahawia ni ushahidi wa maji. Mara nyingi chanzo ni msumari wa bati ambao mpira wake umechakaa, au bati lililotoboka. Maji hutiririka juu ya mbao za kenchi kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu huweza kuwa mbali na doa. Kubadili dari kabla ya kuziba bati ni kutupa mali, nayo mali ni amana. Iwapo hakuna doa, tutazame juu ya dari: huenda mbao za kushikia zimeachana mno, ubao ulipigwa misumari michache, au tumeigeuza dari kuwa stoo ya magunia.

Hatua ya tatu ndiyo matengenezo. Ubao uliokauka na ungali mgumu huweza kuinuliwa polepole kwa mhimili wenye umbo la herufi T, kisha ukafungwa kwa skrubu kwenye mbao za dari, kila baada ya sentimita 20 hivi. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi. Ubao uliolainika, unaomeguka au uliopinda moja kwa moja usiinuliwe. Ukatwe, uwekwe mwingine. Kwa ubao wa milimita 9, mbao za kushikia zisiachane zaidi ya sentimita 40. Viungo vizibwe kwa tepu na unga wa jipsamu, na rangi ingoje mpaka vyote vikauke.

Kazi ya juu ya paa tumwachie fundi anayeijua. Tukubaliane naye ujira mapema, na tumlipe bila kumzungusha, kama alivyotuusia Mtume (s.a.w.) juu ya haki ya mfanyakazi.

Kwa mzee wetu, vijana wawili wa msikitini walikwenda na fundi baada ya Sala ya Ijumaa. Kosa lilikuwa msumari mmoja wa bati, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye doa. Ubao mmoja ulibadilishwa, wa pili ukainuliwa na kufungwa upya. Wajukuu walilala chumba cha bibi yao mpaka kazi ilipokauka.

Ndugu zetu, usiku huu kabla ya kuzima taa, tuinue macho tutazame juu ya pale wanapolala watoto. Tukiona tumbo, tuseme mapema. Jirani na msikiti wapo. Mzee wetu amepona, alhamdulillah, na sasa yeye mwenyewe ndiye anayewaambia wageni wake watazame juu.

Wabillahi tawfiq.