Nyangumi Mwenye Magoti: Jangwa la Misri Linatuambia Nini?

Ukitoka Cairo ukaelekea kusini-magharibi, mwendo wa kilomita 150 hivi, unaingia kwenye jangwa la Fayum. Huko hakuna mitumbwi wala harufu ya samaki. Kuna mchanga, miamba iliyochongwa na upepo, na jua kali kwelikweli. Na kuna mifupa ya nyangumi. Siyo mmoja wala wawili: ni mamia.

Mahali hapo panaitwa Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi. Mwaka 2005 UNESCO iliweka bonde hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sasa, swali linalomjia kila mtu ni hili: nyangumi alifikaje jangwani? Jibu fupi: hakusafiri kwenda jangwani. Alifia baharini, na bahari ndiyo iliyoondoka.

Bahari ilikuwa hapa

Hebu turudi nyuma kati ya miaka milioni 40 na 37. Wakati huo kaskazini mwa Misri palifunikwa na bahari ya kale iitwayo Tethys. Nyangumi akifa, mzoga ulizama, nyama ikaliwa, mifupa ikafunikwa na mchanga na matope. Tabaka zikaongezeka juu yake, na madini yaliyomo kwenye maji yakapenya ndani ya mifupa kidogo kidogo mpaka ikawa mawe. Hivyo ndivyo kisukuku kinavyotengenezwa. Baadaye bahari ikarudi kaskazini, na upepo wa jangwani ukaanza kuzikwangua zile tabaka na kuifunua mifupa.

Utasema: tunajuaje? Angalia majirani wa nyangumi hao. Katika bonde hilohilo kuna visukuku vya papa, taa, kasa na jamaa za nguva. Kuna hata mizizi ya mikoko iliyogeuka mawe. Mtu wa Lamu au Rufiji hahitaji kufundishwa hapo. Mikoko huota pale maji ya chumvi yanapokutana na nchi kavu. Kwa hiyo mizizi hiyo haisemi tu kwamba palikuwa na bahari. Inasema pia kwamba pwani ilikuwa karibu.

Miguu isiyoweza kusimama

Nyangumi maarufu zaidi wa bonde hili ni *Basilosaurus isis*, mwenye urefu wa mita 15 hadi 18. Jina lenyewe lina kichekesho. Mwaka 1834 Mmarekani Richard Harlan alichunguza mifupa ya jamaa yake iliyopatikana Marekani, akadhani ni ya mnyama mtambaazi. Akampa jina lenye maana ya "mfalme wa mijusi". Miaka michache baadaye Mwingereza Richard Owen akatazama meno, akakuta magego yana mizizi miwili. Kumbe ni mamalia! Lakini kwa kanuni za sayansi jina la kwanza ndilo lenye nguvu, basi likabaki.

Habari kubwa ilikuja mwaka 1990. Philip Gingerich, B. Holly Smith na Elwyn Simons walitangaza kwamba *Basilosaurus* wa Wadi al-Hitan alikuwa na miguu ya nyuma. Miguu kamili: mfupa wa paja, goti na kilegesambwa chake, kifundo, hadi vidole vitatu. Ila mguu mzima ulikuwa mfupi kuliko mkono wa mtu mzima, kwa mnyama mrefu kuliko basi! Tena nyonga haikuungana na uti wa mgongo, kwa hiyo asingeweza kusimama hata kidogo.

Mnyama wa baharini anahitaji goti la nini? Hilo goti ni urithi. Mababu wa nyangumi walitembea nchi kavu. Mmoja wa jamaa za kale kabisa, *Pakicetus* wa Pakistani, aliishi takriban miaka milioni 50 iliyopita na alikuwa na miguu minne ya kutembelea. Mwaka 2001 vifundo vya nyangumi wa kale kutoka Pakistani vilionyesha umbo lilelile tunaloliona kwa ng'ombe na mbuzi. Vipimo vya DNA navyo vinasema ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi, kati ya walio hai leo, ni kiboko. Siyo kwamba nyangumi alitokana na kiboko, la. Wana babu mmoja.

Mahali ni nusu ya habari

Mwaka 2019 watafiti walieleza kuhusu *Basilosaurus* mmoja aliyekutwa bondeni pamoja na mabaki ya samaki na ya nyangumi wadogo aina ya *Dorudon*, wenye alama za meno kichwani. Wakahitimisha kuwa huo ulikuwa mlo wake. Kama kila mfupa ungeokotwa na kupelekwa kwake, nani angejua nani alimla nani?

Nyumbani tunao mfano wetu. Mwaka 1964, Loperot huko Turkana, kilipatikana kisukuku cha nyangumi chenye umri wa miaka milioni 17. Kikapotea kwenye makusanyo kwa miongo kadhaa, kikapatikana tena mwaka 2011. Loperot iko kilomita 740 hivi kutoka Bahari ya Hindi, na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Nyangumi huyo yaelekea alipotea njia akapanda mto, na nyangumi hapandi maporomoko. Maana yake wakati ule ardhi ile ilikuwa chini na tambarare, ilinyanyuka baadaye. Mfupa mmoja umesaidia kukadiria lini Afrika Mashariki ilianza kuinuka, kwa sababu tu ilijulikana ulitoka wapi.

Ndiyo maana Wadi al-Hitan wageni hutembea kwa miguu kwenye njia zilizowekewa alama, na mifupa mingi imeachwa ilipolala. Gurudumu moja linaweza kusaga kilichodumu miaka milioni 37.

Nawe ukikutana na mfupa uliogeuka jiwe, uwe Turkana, Olduvai au shambani kwenu, usiung'oe. Piga picha, weka kitu pembeni kuonyesha ukubwa, andika mahali ulipo, kisha wape taarifa watu wa makumbusho. Ukiung'oa ukaupeleka sebuleni, unabaki na jiwe zuri, lakini habari yake umeiacha shambani.