Kosa la Kufasiri na Hitilafu ya Njiani katika Kurasa za Java

Lugha ya Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na namna yake ya kuandikia kurasa za tovuti, iitwayo JSP, ikafuata mwaka 1999. Nchini Tanzania taarifa za zahanati, za Njombe na Makambako zikiwamo, hukusanywa katika mfumo wa DHIS2, ambao nao umeandikwa kwa Java. Basi jinsi programu za namna hii zinavyokosea si jambo la mafundi peke yao.

Makosa ni ya aina mbili, na yafaa tuyatenge. La kwanza ni kosa la kufasiri. Maandishi ya fundi hufasiriwa kwanza na programu iitwayo kompaila. Ikiwa nuktamkato imesahauliwa, au jina limeandikwa vingine, kompaila hukataa. Ni kama lori la viazi lililozuiwa Njombe kwa kuwa gurudumu halikukazwa: hasara ni ndogo. Lakini ukurasa wa JSP aghalabu hufasiriwa unapoombwa mara ya kwanza, na kwa hiyo kosa humtokea mtumiaji badala ya fundi. Dawa ni kuzifasiri kurasa zote kabla ya kuziweka kazini. Kadhalika fundi aanze na kosa la kwanza katika orodha, maana mengi yanayofuata huzaliwa nalo.

La pili ni hitilafu ya njiani: lori limekwisha ondoka, likakwama kabla ya kufika Makambako. Tuseme muuguzi ameacha kitupu kisanduku cha idadi ya watoto waliochanjwa. Agizo Integer.parseInt haliwezi kugeuza utupu kuwa namba, nalo hutoa hitilafu iitwayo NumberFormatException. Fundi mvivu huinasa kwa catch isiyo na agizo lolote ndani yake. Programu huendelea kimya, na idadi iliyoanzia sifuri hubaki sifuri. Atakayeisoma taarifa ataamini kwamba hakuna mtoto aliyechanjwa, kumbe kisanduku hakikujazwa.

Catch iliyo njema huandika hitilafu katika kumbukumbu za seva, humwambia muuguzi kwa Kiswahili chepesi ni kisanduku gani kijazwe, wala haihifadhi taarifa mpaka kijazwe. Maana sifuri ni jibu. Kisanduku kitupu si jibu, na programu haina haki ya kumjibia muuguzi.