Marafiki Wasaliti: Msamiati wa Kiingereza wa Hisia Hasi kwa Mzungumzaji wa Kifaransa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliikumbuka methali hii jioni moja jijini Nairobi, mwanafunzi mmoja kutoka Bukavu aliponionyesha nakala ya barua aliyokuwa ameiandikia ofisi fulani. Ofisi hiyo ilikuwa imemwahidi jibu la ombi lake la ufadhili, na miezi miwili ikapita kimya. Katika barua yake aliandika kwa Kiingereza kwamba amepata "a great deception" kutoka kwao. Alichokusudia ni kusema kuwa amevunjika moyo. Walichokisoma wao ni kwamba amewaita walaghai. Safari hii jibu lilikuja upesi, nalo lilikuwa kali: athibitishe tuhuma yake au aifute. Maskini, hakuwa na tuhuma yoyote. Alikuwa na huzuni tu, na neno moja likamponza.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha mtu mmoja. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka wa 2022. Rwanda nayo iliamua mwaka wa 2008 kufundishia kwa Kiingereza shuleni badala ya Kifaransa. Kwa hivyo, wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa wamejikuta wakihitaji Kiingereza kazini na vyuoni. Aghalabu wengi wao wanakijua Kiswahili pia. Makala haya yananuia kubainisha ni wapi msamiati wa Kiingereza wa hisia hasi unapowatega wenzetu hawa, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuwa daraja la kuvukia.

Chimbuko la mfanano

Mwaka wa 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, ya sheria na ya wakuu, na maneno yake mengi yakaingia katika Kiingereza. Miongoni mwayo ni maneno ya hisia kama vile "rage", "despair", "envy" na "anguish". Maneno mengine, mathalani "fear", "sorrow" na "sad", ni ya Kiingereza cha kale, ilhali "anger" lilitokana na lugha ya watu wa Skandinavia. Ndiyo maana mzungumzaji wa Kifaransa anapokisoma Kiingereza huona nyuso nyingi anazozifahamu.

Hata hivyo, ndugu wawili waliotengana kwa karne nyingi hawabaki na tabia moja. Mwaka wa 1928 Maxime Koessler na Jules Derocquigny walichapisha kitabu kuhusu maneno ya Kiingereza na ya Kifaransa yanayofanana kwa umbo lakini yakatofautiana kwa maana. Waliyaita "faux amis", yaani marafiki wa uongo, na katika anwani ya kitabu chao wakautaja usaliti wa msamiati wa Kiingereza.

Marafiki wasaliti katika uwanja wa hisia

Tuanze na neno lililomponza mwanafunzi wetu. Katika Kifaransa cha leo, "déception" ni hali ya kuvunjika moyo. Katika Kiingereza, "deception" ni hadaa. La kustaajabisha ni kwamba hapo kale neno la Kifaransa nalo lilihusu udanganyifu. Kifaransa kikabadilika, Kiingereza kikabaki na maana kongwe. Aliyevunjika moyo hana budi kusema "I am disappointed", na hali yenyewe ni "disappointment".

Neno la pili ni "grief". Kwa Kiingereza ni majonzi mazito, hasa ya kufiwa. Kwa Kifaransa, neno lenye tahajia iyo hiyo ni lalamiko dhidi ya mtu. Anayetaka kuwasilisha lalamiko kwa Kiingereza atumie "complaint" au "grievance". La sivyo, atadhaniwa kuwa amefikwa na msiba.

La tatu ni "chagrin". Mfaransa akilitaja ana huzuni. Mwingereza akilitaja anazungumzia fedheha iliyochanganyika na kero, kwa mfano ya mtu aliyejigamba kisha akashindwa mbele ya watu. Vivyo hivyo, "misère" ya Kifaransa hasa ni ufukara, ilhali "misery" ya Kiingereza ni dhiki ya nafsi, na tajiri naye anaweza kuwa nayo.

Isitoshe, kuna sifa zinazowahusu watu. "Énervé" ni mtu aliyeudhika, lakini "nervous" ni mtu mwenye wasiwasi, kama mtahiniwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mfaransa anaposema "je suis confus" akiomba radhi, anaona haya. "I am confused" ni maneno ya mtu asiyeelewa jambo. "Désolé" ni neno la kila siku la kuomba msamaha au kutoa pole, na kisawe chake ni "sorry". "Desolate" ni neno zito la ukiwa: nyumba iliyohamwa, au moyo uliobaki pweke. Naye aliye "sensible" kwa Kifaransa huguswa upesi na mambo. Kwa Kiingereza "sensible" ni mwenye busara, na mwepesi wa kuguswa huitwa "sensitive".

Mtenda na mtendwa

Kosa jingine halitokani na mfanano wa maneno, bali na viambishi. Wanafunzi wengi husema "I am boring" wakitaka kusema kuwa wamechoshwa. Kumbe wamejitangaza kuwa wao ndio wachoshi! Hapa mwalimu anayejua Kiswahili ana silaha tayari, nayo ni mnyambuliko wa vitenzi. Sisi hutofautisha kuudhi na kuudhika, kuhuzunisha na kuhuzunika, kuaibisha na kuaibika, kuogofya na kuogopa. Kiingereza nacho hutofautisha "annoying" na "annoyed", "saddening" na "saddened", "embarrassing" na "embarrassed", "frightening" na "frightened". Umbo lenye "-ing" ni la kile kinachosababisha hisia. Umbo lenye "-ed" ni la yule aliyefikwa nayo. Mwanafunzi wa Bukavu au wa Bujumbura anayejua kwamba habari huhuzunisha na msikilizaji huhuzunika hahitaji kanuni nyingine.

Hata hivyo, daraja hili lina ubao uliolegea. Kitenzi chetu "kuchoka" hubeba uchovu wa mwili na pia hali ya kukinai jambo. Kiingereza huzitenga hali hizi: "tired" kwa mwili, "bored" kwa aliyechoshwa na jambo lisilo na mvuto. Kifaransa nacho hutenga "être fatigué" na "s'ennuyer". Hapo basi mwanafunzi aegemee Kifaransa chake.

Kuwa na, au kuwa?

Mfaransa husema "j'ai peur" na "j'ai honte", yaani ana hofu na ana aibu. Mswahili naye husema "nina hofu", au huona haya na kushikwa na hasira. Lugha hizi mbili huichukulia hisia kama kitu kinachomjia mtu au kukaa naye. Kiingereza, kinyume chake, hutumia kitenzi cha kuwa pamoja na sifa: "I am afraid", "I am ashamed". Kwa hivyo, kosa la "I have fear" huwapata wanafunzi kutoka pande zote mbili, na Kiswahili hakiwezi kuwaokoa hapa. Yafaa wayakariri maneno haya kama tungo kamili.

Vilevile wajihadhari na kauli ya "tu me manques". Katika tungo hii ya Kifaransa, anayekosekana ndiye kiima na mwenye hamu ndiye shamirisho. Katika Kiingereza mpangilio hugeuka: "I miss you". Anayetafsiri neno kwa neno na kusema "you miss me" amemwambia mwenziwe kwamba yeye ndiye mwenye hamu.

Viwango na vihusishi

Hisia ina ngazi. Sisi twajua kuwa kuudhika si kukasirika, na kukasirika si kughadhibika. Kiingereza kina "annoyed", "angry" na "furious". Kuhusu hofu kuna "worried", "afraid" na "terrified", mithili ya wasiwasi, hofu na kiwewe. Anayeruka ngazi huharibu mambo: kumwandikia mkuu wako kuwa u "furious" kwa sababu ya kuchelewa kidogo ni kutangaza vita. Penye shaka, neno "upset" husaidia, kwani hubeba huzuni na kero kwa upole. Neno "mad" nalo litumiwe kwa tahadhari. Kwa Mmarekani mara nyingi ni hasira, lakini kwa Mwingereza ni wazimu kwanza.

Hatimaye ni suala la vihusishi. Kifaransa husema "en colère contre", na wengi hutafsiri wakasema "angry against". Kiingereza hutaka "angry with" au "angry at" kwa mtu, na "angry about" kwa jambo. Husemwa pia "afraid of", "ashamed of", "jealous of" na "worried about".

Hitimisho

Ni bayana kuwa orodha ya maneno na tafsiri zake haitoshi. Mwanafunzi akikutana na neno la hisia, na ajiulize maswali matatu: ni nani aliyefikwa na hisia hii? Ni nani au nini kilichoisababisha? Je, ina uzito gani? Maswali haya humkinga dhidi ya umbo linalofanana na la lugha yake.

Mwanafunzi wetu aliandika barua ya pili. Alieleza kwamba lugha yake ya masomo ilikuwa Kifaransa, akaomba radhi kwa neno lile, kisha akaandika: "I am very disappointed that I have not received a reply." Katika sentensi hiyo hakuna mlaghai, kuna mtu aliyesubiri jibu asilipate. Ofisi ikakubali maelezo yake, na mazungumzo yakarejea kwenye ombi la ufadhili, mahali yalipopaswa kuwa tangu mwanzo.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, tusidhani kazi yetu inaishia kwenye fasihi yetu pekee. Jirani anapokuja na Kifaransa mkono mmoja na Kiswahili mkono wa pili, akiitafuta njia ya kusema uchungu wake kwa Kiingereza, sisi ndio tulio karibu naye zaidi. Tumsaidie aseme alichokusudia.