Kituo cha Anga kinapopita juu ya Tabora

Kuna jioni, muda mfupi baada ya magharibi, ambapo nukta nyeupe hukatiza anga la Tabora bila kumetameta wala kuvuma. Wengi hudhani ni ndege. Ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu, na kasi yake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa mwenyewe.

Anza na 398,600, namba inayowakilisha nguvu ya mvutano wa Dunia tukipima kwa kilomita na sekunde. Igawanye kwa umbali wa kituo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wanafunzi wengi huteleza hapa kwa kuweka 400. Umbali unaotakiwa ni ule wa kutoka katikati ya Dunia, kwa hiyo jumlisha nusu kipenyo chake, kilomita 6,371, upate 6,771. Ukigawanya utapata 58.87, na kipeuo chake ni 7.67. Basi kituo kinakwenda kilomita 7.67 kila sekunde.

Ili kuipima kasi hiyo, wakumbuke Burton na Speke, wasafiri Waingereza waliotafuta chanzo cha Nile: waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 700. Kwa kasi ya kituo, hiyo ni safari ya dakika moja na nusu.

Mbona basi hakianguki? Kinaanguka! Kila sekunde huvutwa chini mita 4.3, lakini katika sekunde hiyohiyo kimeshasonga mbele, na duara la njia yake limepinda kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo kimo hakipungui, ila kwa hewa hafifu iliyoko huko, ambayo hulazimu injini ziwashwe mara kwa mara kukiinua.

Tazama pia kisichokuwemo kwenye hesabu: uzito wa kituo. Kwa wapagazi wa Kinyamwezi, mzigo mzito ulimaanisha mwendo wa taabu. Huko juu, kituo cha tani 420 na spana iliyomponyoka mwanaanga huenda kasi moja.

Walimu wa fizikia, wapeni wanafunzi wenu hesabu ya setilaiti za televisheni, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Jibu ni kilomita 3.07 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua takriban saa 24, sawa na Dunia yenyewe, ndiyo maana dishi likishafungwa juu ya bati haligeuzwi tena.